Kodi Ambayo Muuzaji Hakuidai
Ofisi ya Detroit, Michigan, ikinunua meza za dola 2,000 kwa muuzaji mdogo wa jimbo jingine, ankara yaweza kufika bila kodi ya mauzo, na wengi hudhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Sheria ya Michigan humtaka mnunuzi ajikadirie mwenyewe kodi ya matumizi, asilimia 6, yaani dola 120, aipeleke jimboni. Hukumu ya Wayfair ya mwaka 2018, kutoka Mahakama ya Juu ya Marekani, iliruhusu majimbo kuwataka wauzaji wa mbali wakusanye kodi ya mauzo, lakini wale wadogo wasiofikia kiwango cha mauzo kilichowekwa bado wamesamehewa, na mzigo unabaki kwa mnunuzi. Kinachowaponza watunza hesabu wengi ni kuongeza hizo 120 juu ya ankara ndani ya programu ya hesabu. Muuzaji huonekana anadai 2,120, na huenda akalipwa fedha zisizo zake! Ankara hiyohiyo inahitaji mistari miwili ya ziada: 120 ziongezwe kwenye thamani ya meza, kisha 120 zitolewe kwenda akaunti ya kodi inayodaiwa, deni la muuzaji libaki 2,000. Ifanyike siku ankara inapoingizwa, kwa sababu wakaguzi wa kodi hupekua manunuzi ya samani na kompyuta kwa bidii kubwa.