Daftari la Wiki: Onyo na Tishio Katika Mji wa Mpakani

Onyo na tishio ni vitendo viwili vinavyokaribiana kwa umbo na kutengana kwa nia. Vyote viwili humweleza msikilizaji kwamba akitenda jambo fulani, au akiacha kulitenda, atapatwa na dhara. Katika onyo, hata hivyo, dhara hilo halimo mikononi mwa msemaji, naye hulitaja ili mwenzake aliepuke, ilhali katika tishio msemaji mwenyewe ndiye atakayelileta. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ya mwaka 1955 katika Chuo Kikuu cha Harvard ilitolewa kitabuni mwaka 1962, alionyesha kwamba kusema ni kutenda, kwa kuwa anayeonya, anayeahidi au anayeomba radhi anafanya jambo kwa maneno yake, hatoi habari tu. John Searle, aliyeiendeleza nadharia hiyo mwaka 1969, aliitenganisha ahadi na tishio kwa kusema kwamba ya kwanza ni kujifunga kumtendea mtu jambo alitakalo, na la pili ni kujifunga kumtendea asilolitaka. Mji wa Tunduma katika mkoa wa Songwe, unaotazamana na Nakonde ya Zambia, unafaa sana kwa uchunguzi wa jambo hili, kwani wasemaji wa Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali, Kibemba na Kiswahili cha Kongo hukutana hapo kila siku, na kila siku kuna anayemkataza mwenzake jambo.

Ki- isiyo na jina

Tishio la Kiswahili hupenda kulificha dhara lenyewe. Mtu husema "utakiona", "utakiona cha moto", "utakiona cha mtema kuni" au "nitakuonyesha kilichomtoa kanga manyoya", na katika semi zote hizo kiambishi ki- husimama badala ya kitu ambacho msemaji hakitaji, hivi kwamba msikilizaji hulazimika kuijaza nafasi hiyo kwa hofu yake mwenyewe. Semi kama "utanitambua", "tutaonana" na "jaribu uone" hufanya kazi hiyohiyo, na huo wa mwisho ni amri kwa sura lakini ni katazo kwa maana. Onyo huenda njia nyingine, kwa kuwa hulitaja dhara waziwazi. Mama anayeuza ndizi kando ya barabara kuu humwambia mwanawe "usije ukagongwa", na muundo huo wa "usije uka-" unabeba hatari, katazo na huruma kwa pamoja, maana anayeutumia ndiye wa kwanza kutotaka jambo hilo litokee. Hata katika maneno mafupi kabisa tofauti huonekana kwenye kiambishi cha nafsi: "utaanguka" ni neno la anayemwangalia mwenzake, na "nitakuangusha" ni neno la anayemkusudia.

Tishio mbele ya sheria

Sheria za Tanzania zimelitambua tishio kuwa kosa hata kama halijatimizwa. Kifungu cha 89(2)(a) cha Kanuni ya Adhabu ndicho kinachotumika katika mashtaka ya kutishia kuua kwa maneno, na Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inamtia hatiani anayetishia kutumia uchawi dhidi ya mtu au mali yake. Kauli ya mtaani "utaokota makopo", ambayo humtabiria mtu wazimu, inaweza basi kuwa na uzito zaidi ya ule anaoudhani msemaji wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ililiongezea eneo hilo ujumbe wa simu na wa intaneti unaotumwa kwa nia ya kumtisha au kumsumbua mtu.

Eneo hilo la mwisho ndilo linalowagusa zaidi wafanyabiashara wadogo wa leo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kwa njia ya simu bila leseni, baada ya malalamiko mengi ya wakopaji waliodhalilishwa mbele ya ndugu na marafiki ambao namba zao zilichukuliwa kutoka kwenye simu za wadaiwa. Ujumbe wa mdai wa aina hiyo kwa kawaida huitwa "onyo la mwisho", lakini kwa kipimo kilichoelezwa hapo juu hauwezi kuwa onyo, kwa sababu aibu anayoitaja mtumaji ni aibu atakayoitengeneza yeye. Deni ni halali kudaiwa, na mahakama zipo kwa kazi hiyo. Kumvunjia mtu heshima ili alipe ni kosa, na jina la onyo haliwezi kulisafisha.

Maandishi ya ukutani

Kuta za miji ya Tanzania zina maandishi mawili yanayostahili kulinganishwa. La kwanza ni "Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli", ambalo mwenye nyumba hulielekeza kwa mtu asiyemjua, ili asije akapoteza fedha zake kwa dalali mwongo. Hilo ni onyo kamili, kwani linalinda mali ya mwenyewe na mfuko wa mgeni kwa pamoja. La pili ni "Usikojoe hapa, faini sh. 50,000", ambalo mara nyingi huandikwa na mtu binafsi asiye na mamlaka yoyote ya kumtoza mwenzake faini, na kwa hiyo ni tishio lililovikwa vazi la sheria, hata kama haja yake ya usafi ni ya haki.

Alama ya X inayochorwa kwenye majengo yaliyo ndani ya hifadhi ya barabara ni jambo la namna ya tatu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande wa katikati ya barabara, na katika mji uliokua kwa kuifuata barabara, kama Tunduma, mita hizo 7.5 ni vibanda, maduka na vyumba vya watu. Anayeichora X ndiye atakayebomoa, kwa hiyo kwa maana ya Searle kitendo hicho ni tishio. Kinachokigeuza kuwa onyo halali ni mambo matatu yanayopaswa kukifuata, yaani sababu iliyoandikwa, muda wa kutosha wa kuhama, na nafasi ya kuhoji au kudai fidia pale inapostahili. X isiyoandamana na mambo hayo humwacha mwenye nyumba na hofu tupu.

Namba 1203

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia huleta Tunduma malori ya mafuta, salfa na bidhaa nyingine za migodi ya Zambia na Kongo, na ingawa Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani kilichozinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu kilikusudiwa kupunguza kusubiri, foleni ya malori bado ni sehemu ya maisha ya mji. Lori la petroli hubeba alama yenye umbo la almasi, mchoro wa mwali wa moto, na namba 1203, ambayo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya mizigo hatari ndiyo namba ya petroli. Alama hiyo imebuniwa ili ieleweke bila lugha, na kwa askari wa zimamoto na kwa dereva aliyefunzwa inaeleweka vizuri. Kwa utingo anayewasha jiko la mkaa kando ya tela, au kwa mama lishe anayepanga masufuria yake hatua chache kutoka hapo, namba hiyo haisemi lolote.

Agosti 10, 2019, katika eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lililopinduka kwenye barabara hiyohiyo liliwaka moto watu wakiwa wanachota petroli iliyomwagika, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Msiba huo unafundisha kwamba onyo hukamilika linapomfikia aliye hatarini, katika lugha anayoiishi, kabla ya hatari yenyewe. Maneno "Petroli. Usiwashe moto karibu. Lori likipinduka, kimbia mbali", yakiandikwa kwa herufi kubwa za Kiswahili ubavuni mwa kila tangi, hayana gharama ya kulinganishwa na uhai wa mtu mmoja.

Kihispania, Kiingereza na kadi ya njano

Lugha hutofautiana katika vyombo vya kutishia. Katika Kihispania sharti la kawaida hufunguliwa kwa neno "si", lakini msemaji anayetaka kuonya au kutisha anaweza kulibadilisha kwa "como" na kulifuatisha na umbo la kitenzi linalotumika kwa jambo lisilo na hakika, hivyo msikilizaji huyatambua makali ya sentensi kabla haijafika mwisho. Kiingereza hakina kiunganishi cha namna hiyo, na hutegemea zaidi kuibandika amri kwenye matokeo yake, kama Kiswahili kinavyofanya kwa "nyamaza, la sivyo". Kiswahili nacho kina -ki- na -sipo-, ambazo hazielemei upande wowote, kwa hiyo "ukigusa waya huu utakufa" huweza kuwa neno la fundi umeme mwema au la adui, na msikilizaji hupima kwa kumjua msemaji.

Palipo na lugha nyingi kipimo hicho hushindwa, na mpira wa miguu ulilijua hilo mapema. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa Wembley mwaka 1966 kati ya Uingereza na Argentina, mwamuzi Mjerumani Rudolf Kreitlein alimtoa uwanjani nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, msemaji wa Kihispania, wala hakukuwa na lugha ambayo wawili hao wangeweza kuelewana, na mchezo ukasimama kwa dakika kadhaa. Mwingereza Ken Aston, aliyekuwa msimamizi wa waamuzi, aliwaza juu ya taa za barabarani akabuni kadi ya njano na nyekundu, zilizoanza kutumika katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Ubora wa kadi ya njano ni kwamba inaonekana na wote, inatolewa kwa kosa linalojulikana, na inamwachia mchezaji nafasi ya kujirekebisha.

Tishio kati ya nchi na nchi

Aprili 2025 Tanzania yenyewe ilitoa tishio la kiserikali. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alitangaza kwamba nchi ingezuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini iwapo nchi hizo hazingeondoa vizuizi vyao, Malawi ikiwa imezuia bidhaa kama unga, mchele, tangawizi na ndizi, na Afrika Kusini ikiwa imezizuia ndizi za Tanzania kwa muda mrefu. Siku iliyotajwa ilipofika zuio lilianza, na kabla mwezi haujaisha liliondolewa ili kupisha mazungumzo. Jambo hilo halikuwa la mbali kwa Songwe, kwa kuwa wilaya ya Ileje inapakana na Malawi kwa mto Songwe. Tishio hilo lilikuwa na sababu, tarehe na njia ya kutokea, na ndiyo maana liliweza kumalizwa kwa maneno. Hata hivyo mzigo mbichi hausubiri mazungumzo, na gharama ya siku hizo iliwaangukia wenye nyanya na ndizi, ambao hawakutunga sera ya nchi yoyote.

Saa 48

Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe kwa muda usiozidi saa 48 pale amani au usalama unapokuwa hatarini. Uwezo huo umewekewa mipaka, na matumizi yake kwa mtumishi aliyechelewa mkutanoni au mwananchi aliyeuliza swali gumu ni matumizi yaliyotoka nje ya kusudi la sheria. Kiongozi anayesema "nitakuweka ndani" pasipo hatari ya amani ametisha, hata kama anadhani ameonya, na wanaomsikiliza hujifunza kunyamaza badala ya kujirekebisha. Kanuni za Utendaji Bora kazini za mwaka 2007 zinatoa mfano ulio bora, kwa kuwa zinataka makosa madogo yaanze kwa onyo la mdomo, kisha la maandishi, ili mfanyakazi ajue kosa lake na muda wa kulisahihisha.

Angalizo la mvua

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, ikitaja mikoa, siku na athari zinazoweza kujitokeza, na Songwe, iliyo miongoni mwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, hutajwa humo mara kwa mara. Taarifa hizo ni kielelezo cha onyo safi, kwani mtoaji wake hana faida yoyote katika mafuriko, hamkasirikii mtu, na anasema nini kitatokea na nini kifanyike.

Kila mwenye sauti katika mkoa huu, awe mkuu wa wilaya, mmiliki wa lori, mdai wa deni au mzazi, anaombwa ajiulize maswali matatu kabla ya kukataza: je, ameitaja hatari yenyewe, ameeleza sababu yake, na ameonyesha njia ya kuiepuka? Akiyajibu yote kwa ndiyo, ameonya. Akishindwa hata moja, afadhali anyamaze kwanza, ayatafute maneno yaliyokosekana, kisha aseme.