Ngome ya Patiko na vizuizi vya njiani



Mwandishi wa barua hii ni mwalimu hapa Mahagi, Kongo, na hasira aliyorudi nayo juzi kutoka Uganda bado haijapoa. Alikwenda na wanawe kutazama ngome ya Patiko, kaskazini mwa Gulu, aliyoijenga Mwingereza Samuel Baker mwaka 1872 juu ya miamba ambako wafanyabiashara ya watumwa walikuwa wamekwisha kupiga kambi.

Kibali cha kuvuka alikuwa nacho, kimelipiwa na kupigwa mhuri. Hata hivyo mpakani alizungushwa dirisha kwa dirisha. Huyu anataka pesa ya chanjo ingawa kadi ya manjano ameonyeshwa. Yule anadai ya maji. Alipoomba risiti, aliambiwa akae pembeni amsubiri mkubwa, na mkubwa hakutokea mpaka jua likawa utosini. Mama mmoja muuza samaki akamnong'oneza: "Mwalimu, toa tu, watoto wanaungua jua." Akatoa.

Nebbi na daraja la Pakwach wakapita mbio, na Patiko wakafika jioni. Waliwahi kuona handaki lililoizunguka ngome na kuta za mawe za maghala ya nafaka, basi, giza likaingia. Watoto waliuliza habari za gavana Emin Pasha, ambaye naye aliitumia ngome hiyo kabla haijaachwa mwaka 1888. Walijibiwa garini, gizani, bila kuonyeshwa kitu.

Inauma kwa sababu historia hiyo ni ya watoto hao pia. Waalur wa Mahagi na Waacholi wa Patiko husikilizana wakizungumza. Emin huyohuyo alikuwa na vituo Tunguru na Mswa, ufuko wa magharibi wa Ziwa Albert, na mwalimu huyu alisoma Mahagi tangu darasa la kwanza bila kutajiwa hata kimoja!

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mpakani hali ndiyo hiyo. Kampeni za 2023 zikaleta wanasiasa na ahadi za barabara; ya kwenda Bunia ndiyo hiyo, mvua moja tu na malori yamekwama, na kwenye kila kizuizi yupo mtu wa kukusanya pesa. Kukusanya hawachoki.

Bei zote zibandikwe ukutani mpakani, kwa faranga na kwa shilingi, na anayepokea aandike risiti yenye jina lake. Wanafunzi wanataka kwenda Patiko likizo kubwa ijayo. Wazazi wanauliza gharama, na mwalimu hana hesabu ya kuwapa.

Msomaji wenu,
Mahagi, Ituri