Mbwa wa Uzio na Panya wa Morogoro

BARUA YA MUSONOI
Na Feza Kabamba

Jirani yangu mmoja hapa Musonoi, mtaa wa Kolwezi, huchimba madini usiku. Jina lake nitaliacha, maana shimo analoshukia si lake na lenyewe si la wazi. Nilipomuuliza siku moja anaogopa nini zaidi, nilidhani atasema udongo kuporomoka. Akasema mbwa. Polisi utazungumza naye, mlinzi utampa kitu kidogo, lakini mbwa wa uzio wa mgodi hana lugha. Akishakunusa gizani, umebaki na miguu yako tu.

Mwaka jana kikohozi chake kilipopita mwezi mzima, mkewe alimshika mkono hadi kituo cha afya akapime BK. Ndivyo tunavyokiita kifua kikuu hapa kwetu, kwa herufi mbili, kama mtu anayeogopa kulitaja jina lote lisije likasikia. Akatema kwenye kikopo, akangoja, akaambiwa: BK huna. Akapewa sharubati ya kikohozi, akarudi shimoni. Miezi mitano baadaye, mkanda wake ukiwa umeongezewa matundu mawili, makohozi yake yakapimwa tena mahali pengine. BK alikuwa nayo. Wakati huo mtoto wake wa mwisho naye alikuwa ameanza kukohoa.

“Yaya,” aliniambia, akimaanisha dada, “mbwa wa uzioni ananijua toka mbali, usiku, bila taa. Docta nimekaa mbele yake mchana kweupe, hakunijua.”

Maneno hayo nimeyabeba wiki tatu. Leo nayatua hapa.

Jirani yangu hakujua kwamba wapo watu waliojiuliza jambo hilohilo: pua inayomtambua mtu gizani, haiwezi kuutambua na ugonjwa wake? Mwaka 1989, madaktari wawili wa London, Williams na Pembroke, waliandika katika jarida la Lancet habari za mwanamke ambaye mbwa wake hakuacha kunusa doa moja mguuni mwake, hata akajaribu kuling’ata. Lilipokatwa na kupimwa, ikawa saratani ya ngozi. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza waliwapa mbwa sita mikojo ya watu saba kwa zamu, mmoja wao akiwa na saratani ya kibofu. Anayekisia kwa bahati angepata mara 14 katika 100. Mbwa walipata mara 41. Mwaka 2019 ikachapishwa habari ya Gambia: soksi walizolala nazo watoto wa shule zilipelekwa Uingereza, na mbwa wakawatambua watoto 7 katika kila 10 waliokuwa na vimelea vya malaria, watoto ambao hata homa hawakuwa nayo.

Hakuna uchawi hapo. Mwili wenye ugonjwa hutoa harufu zake, kama nyumba inayopika sombe isivyoweza kuwaficha majirani. Sisi pua zetu ni fupi, basi.

Lakini habari inayotuhusu zaidi haiko Uingereza. Iko Morogoro, Tanzania, na shujaa wake si mbwa. Ni panya buku, yule mkubwa mwenye mifuko mashavuni. Kwetu mnyama huyo akionekana, wa kwanza kumsifu ni mwenye sufuria. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamempa kazi. Shirika la APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens, lilianza kwa kuwafundisha panya hao kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Wao ni wepesi, hawayalipui, na wengi wamefanya kazi hiyo Msumbiji na Kambodia. Baadaye mtu akauliza: kama wanajua harufu ya baruti chini ya udongo, je, harufu ya BK ndani ya kikopo? Tangu mwaka 2007 wanapokea makohozi kutoka vituo vya afya vya Tanzania.

Kazi yenyewe ni hivi. Makohozi huchemshwa kwanza ili vijidudu vife na asiambukizwe mtu wala panya. Kisha vikopo hupangwa chini ya kizimba chenye matundu kumi sakafuni. Panya hupita tundu baada ya tundu, upesi, kama mama anayechagua nyanya sokoni. Akifika penye harufu anayoijua, husimama na kuiweka pua yake hapo kwa sekunde kama tatu. Katikati ya vikopo huwekwa vile ambavyo jibu lake linajulikana. Akisimama kwenye kile chenye ugonjwa, hupewa ndizi iliyopondwa; akisimama ovyo, hapati kitu. Kufundishwa huchukua kama miezi tisa. Panya mmoja humaliza vikopo 100 kwa dakika 20, kazi ambayo ingemweka fundi wa maabara mbele ya hadubini hadi siku nne.

Msomaji anaweza kuishia hapo, acheke, amsimulie mwenzake, yaishe. Mimi nilisimama kwenye swali jingine: vikopo hivyo vinatoka kwa nani?

Havitoki kwa watu ambao hawajapimwa. Vinatoka kwa watu waliokwisha kupimwa kituoni na wakapewa jibu, wengi wao jibu kwamba hawana. Kazi kubwa ya yule panya ni kulifungua faili lililofungwa. Kila anaposimama penye kikopo kilichoandikwa “hana”, watu wa maabara wanakirudia kwa kipimo kingine chenye uhakika zaidi, kwa sababu neno la panya peke yake halimwanzishii mtu dawa. Kwa njia hiyo, wanasema APOPO, idadi ya wagonjwa wanaopatikana katika vituo wanavyoshirikiana navyo imepanda kwa karibu asilimia 40. Hao ni watu waliokuwa wamekwisha kurudi nyumbani na “hana” mkononi.

Tusiwalaumu mafundi wa hadubini. Ili vijidudu vya BK vionekane kwenye kioo, lazima viwepo kama 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Mwenye vichache zaidi ni mgonjwa vilevile, ila kioo hakimwoni. Kosa si la jicho. Kosa ni la mfumo unaolichukua jibu la jicho kana kwamba ni la Mungu.

Na tukiisha kumsifu panya, tuwakumbuke na watu. Panya akisimama Morogoro, mwenye makohozi huenda yuko Temeke, Dar es Salaam, amehama chumba, simu imebadilika namba. Huko kuna watu wa kikundi cha MKUTA, wengi wao waliougua wakapona, wanaozunguka mitaani kumtafuta mtu huyo, kumwambia kwa upole kwamba lile jibu la kwanza halikuwa sawa, na kumshika mkono hadi kwenye dawa. Bila miguu hiyo, pua ya panya ingekuwa mchezo wa kuonyesha wageni.

Sasa turudi Musonoi. Huu ulikuwa mtaa wa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, kisha wa Gécamines. Baba yangu alikuwa mmoja wao, na kila mwaka aliitwa kupigwa picha ya kifua hata kama hakohoi. Alinung’unika kupoteza asubuhi nzima. Leo natamani manung’uniko yale. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, kampuni ikaanza kupiga magoti, na miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Kuna waliokwenda na nyundo zao moja kwa moja shimoni, na watoto wao wakawafuata. Kifua cha mchimbaji wa mkono hakina mwajiri wa kukiita kila mwaka.

Na ni kifua kilichozungukwa na adui. Kati ya miamba ya Kolwezi inayobeba shaba na kobalti umo ule ambao wanajiolojia wameuita kwa herufi tatu, RSC, mwamba uliojaa silika. Vumbi la silika likikaa katika mapafu huyatia makovu taratibu, na mapafu yenye makovu ndiyo kitanda anachokipenda BK. Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iko katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kila mwaka huugua zaidi ya watu 300 katika kila 100,000. Wachimbaji wakikaa kumi katika shimo moja lisilo na upepo, mmoja wao akiwa ameambiwa “huna” kimakosa, hesabu iliyobaki haihitaji mwalimu.

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Pua haijiamulii itafute nini. Hutafuta kile ambacho mwenye mbwa amelipia. Hapa Kolwezi fedha za kumfundisha mbwa amnuse mchimbaji anayevuka uzio zimepatikana, na chakula cha mbwa huyo hakikosekani. Sina ugomvi na mtu kulinda mali yake. Nasema tu kwamba mtu yuleyule, jasho lilelile, pumzi ileile, ananuswa kama mwizi kila usiku, na kama mgonjwa hanuswi hata mara moja.

Najua nitakaloambiwa: Mama Feza, achana na panya, kuna mashine inayosoma vinasaba vya kijidudu chenyewe, kwa saa mbili, na inaona hata vichache. Ni kweli, na ni nzuri kuliko hadubini. Lakini mashine hula umeme. Njia ya umeme kutoka bwawa la Inga katika mto Kongo, kilomita 1,700 hivi, imeishia hapa Kolwezi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya migodi. Anayeishi Musonoi anajua mara ngapi kwa wiki anawasha mshumaa chini ya nyaya hizo. Mashine iliyozimwa haina tofauti na panya aliyekwisha ingia sufuriani.

Kwa hiyo siombi APOPO waje kesho na vizimba vyao, ingawa wakija nitawapokea kwa bukari. Naomba tuichukue tabia yao, ambayo haihitaji mkia. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa jamii zinazouzunguka mgodi. Katika vikao vya kugawa fedha hizo nimesikia shule, visima, barabara, na ni vyema. Safari ijayo mtu asimame aombe jambo moja dogo: kikopo cha kila mchimbaji aliyekohoa zaidi ya wiki mbili na akaambiwa hana, kisitupwe. Kipelekwe kwa pikipiki mahali penye mashine inayowaka, kipimwe upya, na pawe na mtu wa mtaa mwenye mshahara wa kumrudia mwenyewe mlangoni. Mtu huyo asitafutwe mbali. Waliougua BK wakapona wamejaa hapa, na njia za nyuma wanazijua kuliko mlinzi yeyote.

Jirani yangu sasa yuko mwezi wa nne wa dawa. Amenenepa kidogo, tundu moja la mkanda limerudishwa. Mtoto ndiye aliyebaki. Watoto wadogo hawajui kutema makohozi ya kutosha, na hata hicho kidogo huwa na vijidudu vichache. Huko Morogoro, mwanasayansi Georgies Mgode na wenzake walionyesha kwamba panya huwapata watoto wengi ambao hadubini iliwapita. Wiki iliyopita mama yake alimpeleka. Jioni alipita kwangu na karatasi mkononi, hakukaa, akanionyesha imeandikwa nini. Hana.

“Asante Mungu,” nikasema.

Akaikunja karatasi mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kitenge. “Hata babaye waliandika hivi hivi, Yaya. Sasa hii, nani ataipima tena?”