Wanyama wa Vifuu na Matambara: Tuwaachie Watoto

Imekuwa desturi katika miji yetu ya pwani kwamba mtoto akitaka mnyama wa kuchezea, hununuliwa. Maduka yamejaa simba na twiga wa plastiki waliotoka ng'ambo, na pesa ambazo watoto hupewa siku ya Idd nyingi huishia huko. Haifiki Idd ya pili, simba amekwisha katika mguu na yuko jaani. Sina ugomvi na wenye maduka, kwani wao wanatafuta riziki yao. Ugomvi wangu ni na sisi wazazi. Nyumba zetu hazikosi vifuu, mikebe, vifuniko vya chupa, matambara na champali zilizokatika, nasi huvitupa vyote hivyo asubuhi, kisha jioni tukaenda kununua plastiki nyingine.

Wako watakaosema, na nimewasikia kwa masikio yangu, kwamba afadhali kununua, kwa sababu kumfundisha mtoto kutengeneza umbo la mnyama ni kumfundisha taswira, na taswira imekatazwa. Hoja hii haifai kupuuzwa, maana hadithi zinazowaonya wenye kutengeneza sanamu ni sahihi na kila aliyesoma chuoni anazijua. Ila nashangaa kwamba baadhi ya hao wanaoisema ndio hao hao wenye simba wa plastiki sebuleni.

Na tuikumbuke habari ya Bibi Aisha (R.A.). Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) alirejea kutoka safarini, upepo ukapeperusha pazia, wakaonekana wanasesere wa Bibi Aisha. Miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili zilizotengenezwa kwa matambara. Mtume akauliza ni kitu gani kile. Akajibiwa kuwa ni farasi. Akastaajabu, vipi farasi awe na mbawa? Bibi Aisha akamwuliza iwapo hakusikia kuwa Nabii Suleiman (A.S.) alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Mnyama basi alikuwamo nyumbani kwa Mtume, na sehemu yake ilikuwa ya vipande vya nguo.

Kwa ajili ya habari kama hii wanavyuoni wengi, wakiwamo wa madhehebu yetu ya Shafii, walivitoa vitu vya kuchezea watoto katika lile katazo. Ni kweli wako waliosema kuwa ruhusa hiyo ilifutwa baadaye, na mwenye kuwafuata hao tumheshimu. Kasa asiyetiwa macho wala kichwa bado mtoto atamjua kuwa ni kasa. Lakini jambo moja nadhani sote tutaafikiana: mnyama wa mtoto ni wa kuchezewa mpaka aharibike. Asiwekwe juu ya kabati kuwa pambo. Kwa jambo hili kifuu na matambara vina nafuu kuliko plastiki, kwa kuwa havidumu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Vitabu vya kigeni vinavyofundisha sanaa hii vinapenda sana kutuagiza kile kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni. Sisi tunaotumia maji tutakitoa wapi? Vingine vinasema mtoto agandishe mchele na maharagwe, na hilo silikubali hata kidogo, chakula hakichezewi. Tunavyo vyetu. Chukua kifuu cha nazi iliyokwisha kukunwa, ukifudikize, na hapo mgongo wa kasa umekwisha patikana. Champali kuukuu ikatwe vipande vinne vya umbo la kasia, viwe miguu yake, na kipande cha tano kiwe kichwa. Kigunzi cha hindi kikitiwa vijiti vinne huwa punda, na masikio yake ni maganda ya hindi lilo hilo. Shogi atafumiwa kwa chane za ukindu zilizobakia bibi alipokuwa akisuka mkeka. Soksi isiyo na mwenzake ijazwe matambara, ifungwe uzi shingoni, iwe paka. Gundi haina haja ya kununuliwa, kwani unga wa ngano uliokorogwa kwa maji na kupikwa kidogo hushika karatasi na nguo barabara.

Kisu na mkasi mkubwa ni kazi ya mtu mzima, na mikebe yenye ncha kali isipewe mtoto, wala chupa iliyokuwa na dawa ya wadudu au mafuta ya taa hata ikioshwa mara kumi. Hayo tukisha kuyaangalia, tukae kando. Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Punda wa mtoto wa miaka minne atakuwa na mguu mmoja mfupi na masikio yatapinda. Mama akiona hivyo mikono humwasha, humnyang'anya akamtengenezea mzuri, na mtoto huondoka akaenda kuitazama televisheni.

Ubaya huu umezidi tangu mtaala mpya wa umilisi ulipoingia katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019. Mtaala wenyewe unamtaka mtoto atumie vitu vinavyopatikana alipo, na fikira hiyo ni njema. Lakini jirani yangu mmoja alipata agizo kutoka shule ya mwanawe, jioni, kwamba kesho mtoto aje na mnyama. Saa nne za usiku baba alikuwa bado akikata karatasi ya manila na kufungua chupa ya gundi aliyoinunua, na mtoto amelala. Mwalimu aliyempa alama mnyama yule alimpa baba.

Hasara yake si ya alama tu. Mtoto anayetengeneza kaa kwa kifuniko cha mkebe na vijiti hana budi kuuliza kaa ana miguu mingapi, na atahesabu minane, kisha magando mawili. Akitengeneza pweza kwa chane ataambiwa kuwa ile mikono yake huitwa minyiri. Ni watoto wangapi wa Mombasa leo wanaolijua neno hilo? Na akiwa na kasa wake mkononi ataweza kuelezwa kwa nini kasa wa kweli hufa akimeza mfuko wa plastiki, akidhani ni konyeza.

Wala tusidhani kwamba mambo haya tunaletewa kutoka nje. Katika kisiwa cha Kiwayu, kaskazini ya Lamu, mnamo miaka ya 1990, watoto walikuwa wakiokota champali zilizoletwa na mawimbi wakachonga vitu vya kuchezea. Mtaalamu wa bahari aitwaye Julie Church akawaona, akawahimiza mama zao watengeneze vya kuuza. Kutokana na hayo ikaja kuwako kampuni ya Ocean Sole, Nairobi, ambayo tembo na kasa wake wa champali hununuliwa na watalii na kupelekwa nchi za mbali. Mwaka 2018 pale Lamu fundi Ali Skanda na wenzake waliliteremsha majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki ya taka na kufunikwa kwa champali zipatazo 30,000, na mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Wageni wanalipa fedha kwa kazi iliyoanzwa na watoto wa Kiwayu, huku watoto wetu tukiwanunulia simba wa plastiki.

Ningewaomba walimu wa vyuo pia walifikirie jambo hili. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Rubayyi binti Muawwidh (R.A.), kwamba siku ya Ashura waliwafungisha watoto wao saumu na kuwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi, na mtoto akililia chakula hupewa kile kitu mpaka wakati wa kufuturu. Ramadhani kwetu, saa zilizo nzito kwa mtoto anayejaribu kufunga ni zile za baada ya alasiri, mama akiwa jikoni na harufu ya viazi karai imejaa nyumba. Kapu la vifuu na matambara likianza kujazwa tangu Shaabani, saa hizo zitakuwa na kazi yake.