Mlo wa Mchana wa Siku ya Kwanza



Juma hili nawaalika tutafakari jambo ambalo laweza kuonekana dogo, nalo ni mlo wa mchana. Sisemi juu ya mlo wa mchana wowote, bali ule wa siku ya kwanza, anaoula mgeni aliyekuja kuupanda mlima wetu kwa njia ya Marangu. Siku hiyo huanza kwa safari ya gari kutoka Moshi au Arusha, kupitia Himo, hadi langoni. Kuna kujiandikisha, kuna kupima mizigo kwenye mizani, kuna kungoja. Katikati ya shughuli hizo njaa huingia, na ndipo swali huzuka: mgeni huyu atakula nini, na atakula pamoja na nani?

Majibu yaliyozoeleka ni mawili. La kwanza ni bafe ya hoteli, ile meza ndefu ambapo kila mtu hujipakulia mwenyewe. Hii ni kwa wale wanaofika Marangu siku moja kabla ya kupanda. Hapo mgeni hukuta wali, tambi, kuku wa kukaanga, viazi na saladi, yaani chakula ambacho angekipata Nairobi au Dubai pasipo tofauti kubwa. Jibu la pili ni boksi, au “lanchi boksi” kama vijana wetu wanavyoliita. Ndani yake mna yai la kuchemsha, kipande cha kuku, mkate, kipande cha keki, ndizi mbivu na juisi ya pakiti. Aghalabu boksi hilo hufungwa alfajiri, husafiri garini, kisha hufunguliwa msituni pale Kisambioni, mahali pa kupumzikia katikati ya safari, au hata baada ya kufika kwenye vibanda vya Mandara.

Sina ugomvi na kuku wala yai. Kila riziki yatoka kwa Mungu, na mwenye njaa hachagui. Hoja yangu ni kwamba ipo meza ya tatu, iliyo karibu kuliko hizo mbili, lakini mgeni haonyeshwi.

Jambo hili si la Marangu peke yake. Wanaosafiri kwa meli kubwa za kitalii, kama zile zinazotia nanga Zanzibar na Mombasa, wanalijua vizuri. Siku ya kwanza vyumba vya kulala huwa bado vinaandaliwa na mizigo haijafikishwa, hivyo maelfu ya wasafiri humiminika kwenye bafe, wakapanga foleni na kugombea viti. Kumbe katika meli hiyo hiyo, ghorofa chache chini, mara nyingi kuna ukumbi mwingine wa chakula uliofunguliwa, wenye nafasi na utulivu. Waliosafiri hapo awali huenda huko moja kwa moja, na wageni hubaki kwenye foleni. Chakula kipo, ila hakuna mtu wa kuwaambia. Ndivyo ilivyo kwetu pia. Mgeni hupita kwenye jiko letu kwa gari, vioo vimefungwa, amepakata boksi mapajani.

Meza hiyo ya tatu ni ipi? Ni chungu cha mtori kinachotokota kwa mama lishe wa Marangu Mtoni, ndizi na nyama vikiwa vimepondwapondwa hata vikawa uji mzito. Ni machalari, ndizi zilizopikwa pamoja na nyama na mchuzi wake. Ni kiburu, ndizi zilizochanganywa na maharage, chakula ambacho bibi zetu walikipika kwa subira na ambacho baadhi ya vijana wetu sasa wanakionea haya. Ni kikombe cha kahawa iliyochumwa, ikakaushwa na kutwangwa katika kihamba hicho hicho ambamo mgeni ameketi. Tangu miaka ya 1990, mpango wa utalii wa kitamaduni ulipoanzishwa nchini kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV, zipo familia na vikundi katika vijiji vyetu ambavyo huwapokea wageni kwa namna hii, hasa wanaokuja kutazama maporomoko ya maji na mashamba ya kahawa. Kwa hiyo sisemi jambo jipya. Nasema kwamba jambo jema lililokwisha kuanza limebaki pembeni, na wapanda mlima, ambao ndio wengi, hawalifikii.

Kuna sababu maalumu ya kuutazama mlo wa siku ya kwanza kuliko milo mingine. Njia ya Marangu huchukua siku tano au sita. Lango liko chini kidogo ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, Mandara yapata meta 2,700, Horombo yapata meta 3,700, Kibo meta 4,700, na kilele cha Uhuru meta 5,895. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hamu ya kula inavyopungua. Wapishi wetu wa mlimani wanajua jinsi ilivyo kazi kumbembeleza mgeni amalize bakuli la supu akiwa Kibo. Mchana wa siku ya kwanza ndio mlo wa mwisho ambao mwili bado unaupokea kwa furaha kamili. Aidha, ndio mlo pekee wa safari nzima ambao hauna haja ya kubebwa na mtu yeyote. Langoni ndipo vihamba vinapoishia na msitu kuanza. Kuanzia hapo kila kiazi na kila punje ya mchele hupanda kwa mabega na vichwa vya vijana wetu. Kabla ya hapo, chakula kipo pale pale kilipoota. Yafaa nini basi kukibeba chakula kutoka mjini na kukipitisha katikati ya migomba?

Historia nayo inatufundisha. Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu kukifikia kilele mwaka 1887 akashindwa. Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, alikuwa amejifunza kwamba haitoshi kuwa na shoka la barafu. Alipanga kambi kadhaa njiani, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka wakileta chakula kutoka Marangu, kwa Mangi Marealle, ili wapandaji wasilazimike kurudi chini kwa sababu ya njaa. Mpagazi mmoja kutoka Pangani, Mwini Amani, alikaa nao katika kambi ya juu kabisa, kwenye baridi kali. Hivyo ndivyo walivyofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Vitabu huwasifu wawili waliokanyaga theluji, nao wanastahili sifa yao. Hata hivyo, mlima huu ulipandwa pia na chakula cha Marangu na miguu ya waliokileta. Wageni wa kwanza walikula kutoka mashamba yetu, nasi leo tumewazoesha wajukuu wao kula kutoka kwenye boksi.

Sasa nafika kwenye jambo linalonigusa zaidi. Katika kila kundi linalopanda, wageni ni wachache na wapagazi ni wengi. Hao ndio wanaojiita “wagumu”, na jina hilo si la utani. Kanuni za hifadhi zinaruhusu mzigo wa kilo 20 kwa mpagazi mmoja, mbali na vitu vyake binafsi. Mgumu wetu huondoka nyumbani alfajiri ili awahi langoni. Hupanga mstari kwenye mizani, husubiri, kisha hubeba na kwenda mbele ya wageni, kwa sababu hana budi kufika Mandara kabla yao. Mchana mgeni anapokaa Kisambioni na kufungua boksi lake, mgumu amekwisha kupita. Amekula nini? Katika makampuni yenye utu, amekula. Katika mengine, mlo wake wa kwanza wa kueleweka utakuwa ugali wa jioni, jua limekwisha kuzama. Kila nyumba yenye mgumu inalijua jambo hili. Shirika la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, lililoanzishwa mwaka 2003 na kufahamika kwa kifupi chake KPAP, huyakagua makampuni kwa vigezo kadhaa, na kimojawapo ni idadi ya milo anayopewa mpagazi kwa siku. Kama milo ingekuwa inatolewa kwa wote bila shida, nani angehangaika kuihesabu?

Watu husema, “Mbona wageni huwapa wapagazi kilichobaki katika maboksi?” Ni kweli, wengi hufanya hivyo kwa moyo mwema, na mwenye njaa hushukuru. Hata hivyo tuseme ukweli, ndugu zangu. Nusu ya mkate na keki iliyovunjika, aliyopewa mtu mzima mbele ya wenzake baada ya kubeba kilo 20, ni mabaki. Mfanyakazi hastahili mabaki. Anastahili mlo wake, uliopangwa tangu mwanzo, uliolipiwa, akaupokea kama haki yake na kuula akiwa ameketi. Mtume Paulo aliwakemea Wakristo wa Korintho kwa sababu walikusanyika mahali pamoja, lakini mmoja akawa ameshiba na mwingine yuko na njaa. Sijui ni kundi gani linalofanana zaidi na kusanyiko lile kuliko safari ya mlimani ambamo watu kumi na tano wanakwenda njia moja, na ni watatu tu waliokula mchana.

Pendekezo langu, basi, ni jepesi. Siku ya kwanza, kabla ya kufika langoni, gari lisimame Marangu Mtoni au katika kihamba kilichoandaliwa. Saa tano asubuhi chungu kiwe tayari. Mgeni, mwongozaji, mpishi na mgumu wote wapakuliwe kutoka chungu kimoja, na kampuni ilipe kwa sahani, mgeni na mgumu sawasawa.

Najua vipingamizi vitakavyoletwa. Cha kwanza ni afya: mgeni akiugua tumbo siku ya kwanza, safari yake imekwisha na sifa ya kampuni imeharibika. Hofu hiyo ni halali. Lakini mtori uliochemka kwa muda mrefu na kupakuliwa ukiwa wa moto una salama kuliko mkate wenye nyama uliokaa garini tangu alfajiri. Kinachotakiwa ni maji ya kunawa, vyombo vilivyooshwa vizuri, na mama lishe aliyepimwa afya kama sheria inavyomtaka. Hayo yako ndani ya uwezo wetu.

Kipingamizi cha pili ni muda. Wapo watakaosema kwamba hakuna nafasi ya kusimama. Kutoka langoni hadi Mandara ni kilometa 8 hivi, mwendo wa saa tatu hadi nne. Kundi linaloingia langoni saa saba mchana hufika kabla ya giza. Muda unaopotea kwa kungoja langoni ni mwingi kuliko ule wa kula sahani ya kiburu.

Kipingamizi cha tatu ni gharama, na hapa sina maneno mengi. Boksi nalo hununuliwa. Tofauti ni kwamba fedha ya boksi nyingi hubaki mjini, ilhali fedha ya mtori humfikia mama aliyeupika, jirani aliyemuuzia ndizi na mchinjaji aliyemuuzia nyama. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni anapita na chakula chake kwapani? Kuhusu sahani ya mgumu, kampuni inayoshindwa kuilipia ingefaa ijiulize kama kweli bei inayowatoza wageni ni ya haki.

Tena tukumbuke takataka. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na tulifanya vema. Lakini boksi moja bado lina pakiti ya juisi, mrija wake na karatasi za kufungia, vyote vikipandishwa mlimani ili vishushwe tena. Sahani ya mama lishe huoshwa na kutumika kesho.

Nani aanze? Wengi mnaosoma tafakari hii ni waongozaji, wapishi na wagumu, au ni wake, waume na wazazi wao. Wachache mna makampuni. Wewe mwongozaji, mgeni anakuuliza na kukuamini. Mwambie kwamba ipo meza nyingine. Wewe mwenye kampuni, jaribu kwa kundi moja tu msimu huu, uone wageni watasimulia nini wakirudi kwao. Ninyi akina mama wa WAWATA, mnaopika kwa ajili ya mamia katika sherehe zetu na hakuna anayeugua, hamshindwi kuwapikia watu kumi na tano. Na Jumuiya Ndogo Ndogo zilizo kando ya barabara ya langoni zijadiliane ni nyumba zipi zenye nafasi, maji na choo safi, zikaanza nazo.

Nasi sote tuache kukionea haya chakula chetu. Mgeni hakuvuka bahari ili aje kula tambi chini ya Kilimanjaro. Akipewa mtori wa moto ataula, na pengine ataomba aongezewe. Na pembeni yake, kwenye benchi lile lile, aketi kijana atakayembebea mzigo hadi Kibo, naye awe ameshiba.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka.