Kongo Mashariki: Kanisa Linalosali Likiuliza Njia

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na katikati ya Februari Bukavu nayo ikatwaliwa. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na wakimbizi wa ndani waliokuwa kambini pembezoni mwa mji wakalazimika kubeba tena mizigo yao. Katika mazingira hayo waamini wa Goma, Bukavu, Butembo-Beni na Bunia waliendelea kukusanyika kwa Misa na Rozari. Yafaa kujiuliza: Kanisa lililo katika hali hiyo linaomba nini hasa, na linatambuaje kwamba limejibiwa?

Sala ya kwanza ya mtu aliye hatarini ni kuomba hatari iondoke. Hakuna wa kumlaumu. Kristo mwenyewe katika bustani ya Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Lakini Matendo ya Mitume, sura ya 4, inatuonyesha sala ya aina nyingine. Petro na Yohane wametoka kutishwa na Baraza, wanarudi kwa wenzao, na jumuiya yote inasali. Haiombi wakuu wa Baraza waondolewe. Inavitaja vitisho mbele za Mungu, kisha inaomba ujasiri wa kuendelea kulinena neno. Yaani hali ya nje inabaki vilevile, na kinachoombwa ni namna ya kutenda ndani yake. Hayo ndiyo Mama Kanisa huyaita mang'amuzi, nayo ni kazi nzito kuliko kusikiliza wale wanaotangaza kwamba wameoteshwa tarehe ya mwisho wa vita. (Watu wa namna hiyo hawakosekani popote penye hofu.)

Nchini Kongo mang'amuzi hayo yalizaa uamuzi uliowakera wengi. Mwezi huohuo wa Januari, kabla Goma haijaanguka, Baraza la Maaskofu Katoliki, CENCO, pamoja na Kanisa la Kristo nchini Kongo, ECC, linalounganisha madhehebu ya Kiprotestanti, walitangaza mpango wa mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani na kuishi pamoja kwa wema, Kongo na katika eneo lote la Maziwa Makuu. Mpango huo ulidai kuzungumza na pande zote. Hivyo wajumbe wa Makanisa hayo walimwona Rais Félix Tshisekedi, na tarehe 12 Februari wakaketi Goma na Corneille Nangaa, kiongozi wa muungano wa AFC ambao M23 ni sehemu yake. Baadaye walifika pia Kigali kwa Rais Paul Kagame.

Jina la Nangaa linahitaji maelezo, kwa sababu hapo ndipo uzito wa uamuzi huo unapoonekana. Huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi mwaka 2018. Matokeo ya urais aliyoyatangaza Januari 2019 ndiyo yaleyale ambayo CENCO, iliyokuwa na waangalizi wapatao 40,000 vituoni, ilisema hayalingani na takwimu zake. Maaskofu hawakumwendea mtu wanayemwamini. Walimwendea mtu waliyekuwa na kila sababu ya kumkwepa, katika mji uliotwaliwa kwa bunduki, wakijua kwamba baadhi ya watu Kinshasa wangewaita wasaliti. Lawama zilikuja kweli, na baadhi yake zina hoja: anayeketi na mwenye silaha humpa heshima asiyostahili, na waathirika hawafurahii kuiona picha hiyo. Hata hivyo, kwa maoni yangu maaskofu walikuwa sahihi. Kukutana na mtu si kumtakasa, na Kanisa lenye waamini pande zote mbili za mstari wa vita haliwezi kuwachungia upande mmoja tu.

Wakati huohuo Kanisa la Goma lilikuwa likingojea siku yake ya furaha. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma, Floribert Bwana Chui alitangazwa Mwenyeheri. Alikuwa mlei kijana wa Goma, mwanajumuiya ya Mtakatifu Egidio, rafiki wa watoto wa mitaani ambao kule huitwa maibobo. Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa bidhaa mpakani. Alikataa hongo ili kupitisha chakula kilichoharibika, akatekwa, na mwezi Julai 2007 akauawa akiwa na umri wa miaka 26. Kifodini chake hakikutokana na kulazimishwa kuikana Imani kwa mdomo. Alichoombwa kilikuwa saini tu, jambo ambalo ofisi nyingi za nchi zetu hulitenda kila siku bila mtu kushtuka. Sala aliyoizoea pamoja na wenzake ilimpa njia mahali padogo sana, mezani pake kazini.

Sisi wa Tanzania hatuko mbali na mambo haya. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imewapokea Wakongo tangu 1996. Askari wetu walikuwemo katika kikosi cha SADC kilichotumwa Kongo. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa nchi za EAC na SADC walikutana Dar es Salaam kuizungumzia vita hiyo. Lakini katika Maombi ya Waamini, Kongo mara nyingi hupita kwa maneno mawili, "amani duniani", na kuitikia kwetu ni kwa mazoea. Kuwataja Goma, Bukavu na Komanda kwa majina kungechukua sekunde chache tu.

Nimeitaja Komanda kwa makusudi. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 waamini wa Parokia ya Mwenyeheri Anuarite, Jimbo la Bunia, walikuwa wamekusanyika kanisani hapo kwa sala, wapiganaji wa ADF walipowavamia. Zaidi ya watu 40 waliuawa. Kongo na Rwanda zilikuwa zimetia saini mkataba Washington mwezi uliotangulia, na siku nane tu kabla, serikali na M23 zilikuwa zimetia saini tamko la misingi ya amani huko Doha. ADF si sehemu ya lolote kati ya hayo, na hakuna meza ambayo maaskofu wangeweza kuwaitia.

Mbele ya Komanda maneno kuhusu sala yenye kujibiwa yanapaswa kusemwa polepole. Sura ya 12 ya Matendo ya Mitume husomwa kwa furaha kwa sababu malaika anamtoa Petro gerezani huku jumuiya ikimwombea. Sura hiyohiyo inaanza na Yakobo, nduguye Yohane, aliyeuawa kwa upanga. Bila shaka naye aliombewa na ndugu walewale. Mwinjili Luka haelezi kwa nini mmoja alitoka na mwingine hakutoka. Anasema tu kwamba Petro alipofika mlangoni usiku ule, wengi walikuwa bado wamekusanyika humo ndani, wakisali.