Moyo unapokimbia, karatasi ya sekunde 10 haitoshi

Mkaaji wa Katuba au wa Ruashi anayeingia kituo cha afya na kusema moyo wake unapiga mbio bila sababu, ni rahisi atoke na moja ya majibu matatu: ni malaria, ni tansio, ama ni mawazo mengi. Akirudi mara ya tatu na jibu likiwa lile lile, jamaa wanaanza kuulizana nani anamtakia mabaya, na pesa iliyobaki inakwenda kwa pasta au kwa mganga wa kienyeji. Wengi huwacheka jamaa hao. Lakini mtu aliyeambiwa na hospitali kwamba hana kitu, na usiku moyo unamwamsha kama ngoma, atafanya nini kama si kutafuta jibu pengine?

Hilo jibu la "hauna kitu" mara nyingi linatoka kwenye elektrokadiogramu, ile karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka. Ni kipimo kizuri, ila kwa kawaida kinaandika kama sekunde 10 tu za kazi ya moyo. Siku moja ina sekunde 86,400. Moyo ukikimbia saa nane ya usiku, mgonjwa akapimwa kesho yake saa tano ya asubuhi, baada ya foleni na malipo, karatasi itaonyesha moyo uliotulia. Karatasi haikudanganya. Kosa ni la anayeisoma na kusema ugonjwa haupo, wakati alipaswa kusema tu kwamba haukuonekana wakati ule.

Mmarekani Norman Holter aliliona tatizo hilo katikati ya karne iliyopita, akatengeneza mashine ambayo mgonjwa anatembea nayo. Siku hizi ni kijimashine kidogo kinachoandika mapigo kwa saa 24 au zaidi. Kwa familia inayoishi kwa kuuza makala sokoni, kipimo hicho kiko mbali. Kuna jambo rahisi zaidi ambalo daktari mkuu wa zoni ya afya angeweza kuliagiza: mgonjwa wa namna hii akija moyo ukiwa unakimbia, apimwe palepale. Mambo ya fishi na malipo yafuate baadaye. Dakika ishirini za kusubiri kwenye dirisha la malipo zinatosha kwa moyo kutulia, na ushahidi unapotea.

Vipimo vidogo navyo visirukwe. Upungufu wa damu unaukimbiza moyo, hasa kwa wanawake. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, vilevile. Kuhara sana kunapunguza maji na chumvi ambazo moyo unazihitaji. Lutuku, kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu na baadhi ya dawa za pumu vinaweza kuleta hali hiyo. Na kuna hatari ambayo inazungumziwa kidogo mno: kwinini yenyewe inaweza kuvuruga mwendo wa moyo. Kumtundikia mgonjwa seramu ya kwinini kwa sababu moyo unapiga, bila kipimo cha damu kuonyesha malaria, ni kuongeza tatizo juu ya tatizo.

Kwa vijana, swali la kuuliza ni la utotoni. Ugonjwa wa koo usiotibiwa unaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, na madhara yakajitokeza miaka mingi baadaye, mara nyingine wakati wa ujauzito. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huo. Kinga yake ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Vali ikiharibika, moyo unaweza kupoteza mpangilio wake, damu ikaganda ndani na kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Hapo ndipo AVC inapompata mtu ambaye hata miaka 40 hajafikisha, na ambaye pengine alishaambiwa apunguze mawazo.

Katika mji wa shaba na kobalti, daktari aulize pia mgonjwa anafanya kazi gani na anaishi wapi. Huko Quebec, Kanada, mwaka 1965 na 1966, wanywaji wazito wa bia karibu 50 waliugua moyo, na 20 hivi wakafa. Bia yao ilikuwa imetiwa kobalti ili povu lidumu. Ilipoondolewa, wagonjwa wapya wakakoma. Na mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba wakaaji wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo. Hiyo haitoshi kusema kobalti ndiyo inayokimbiza mioyo ya watu hapa. Inatosha kabisa kumfanya daktari aulize, na kampuni zinazochimba zichangie gharama ya kutafuta jibu.

Anayezimia, anayebanwa kifua, anayekosa pumzi au ambaye ndugu yake alikufa ghafla akiwa kijana, asisubiri kesho. Wengine waanze kwa kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, simu ikitoa saa: mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Waandike hesabu na saa yenyewe. Na kila elektrokadiogramu iliyolipiwa irudi nyumbani na mgonjwa, kwa sababu hospitali ya pili haiwezi kulinganisha na karatasi iliyobaki kwenye droo ya hospitali ya kwanza.